Nani anakula maua yako? Kumtambua na kumzuia mbawakawa kwenye bustani za Goma

Goma tunapanda maua juu ya jiwe. Parseli (viwanja) nyingi za mji huu zimekaa kwenye lava, na lava haishiki mzizi wa waridi mpaka uiletee udongo: kwa lori ukiwa na uwezo, kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ukiwa mtu wa kawaida, magunia mawili matatu kwa safari, na juu yake mbolea ya ng'ombe ili ua lipate nguvu. Naanza na gunia kwa sababu kesi nyingi za mbawakawa ninazoitiwa zinaanzia humo. Mwenye maua anaona petali zimeliwa, anatafuta dawa ya kupulizia petali, na wakati huo funza wanaendelea kunenepa chini, ndani ya mbolea aliyoinunua mwenyewe.

Mwongozo huu unafuata dalili. Kila dalili ina maswali matatu: nani anakula, anakula saa ngapi, na ametoka wapi. Ukishapata majibu, mara nyingi kinachohitajika ni ndoo na mikono yako tu.

Hakikisha kwanza kwamba ni mbawakawa

Mbawakawa ana mdomo wa kutafuna. Anaacha tundu, pengo, au petali iliyong'atwa. Majani yakijikunja, yakanata, na sisimizi wakawa wanapanda na kushuka kwenye shina, hao ni vidukari. Wanafyonza, hawatafuni, na maji ya sabuni yanawamaliza. Maji hayo hayo ukimpulizia mbawakawa mkubwa ataoga tu na kuendelea na chakula chake, maana gamba lake ni gumu.

Ukiona mstari wa ute uliokauka unang'aa asubuhi, ni konokono. Ukikuta vinyesi vidogo vyeusi juu ya majani ya chini, tafuta kiwavi juu yake. Jani la waridi likikatwa nusu duara safi, kama limepimwa, aliyefanya hivyo ni nyuki anayekata majani kwa ajili ya kiota chake. Mwache. Ua halitakufa kwa sababu yake, na anachavusha.

Kuna na dalili moja ya hapa kwetu. Gesi za volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, zikichanganyika na mvua, mvua hiyo inakuwa na asidi na inaunguza majani. Watu wa upande wa Rusayo na Sake wanaijua vizuri, kwa kuwa upepo mara nyingi unapeleka moshi kwao. Madoa yake ni ya kahawia, yako upande wa juu wa jani, na yanatokea kwenye mimea yote kwa pamoja: waridi, maharage, hata magugu, na kwa jirani vilevile. Hakuna mdudu anayekula mtaa mzima kwa usiku mmoja. Kama una maji safi, suuza majani. Kama huna, ngoja majani mapya. Usipulizie chochote.

Petali zinaliwa mchana, na mlaji yumo ndani ya ua

Hii ndiyo kesi rahisi, kwa sababu mshitakiwa hakimbii. Fungua waridi au dalia saa nne asubuhi utamkuta amezama katikati, mgongo nje, anakula chavua na petali laini. Waridi jeupe na la njano ndiyo yanayoliwa kwanza, au pengine ndiyo yanayoonyesha uchafu zaidi.

Aina ya kwanza ni mbawakawa mnene, mviringo, mwenye rangi ya kung'aa au mabaka ya njano, na anaporuka anavuma kwa sauti nzito. Hamuumizi mtu. Mkamate mapema, kabla jua halijapasha joto: kwa mwinuko wetu wa karibu mita 1,500 asubuhi ni baridi, na mdudu mwenye baridi hawezi kuruka. Shika beseni lenye maji na sabuni kidogo chini ya ua, tikisa tawi, ataanguka mwenyewe. Sabuni hapo haiui kwa sumu; inavunja ngozi ya maji ili asielee na kupanda ukingo. Ukifanya hivyo kila asubuhi mwanzoni mwa mvua, idadi inashuka wazi.

Huyo huyo anapenda tunda lililochacha. Chukua ndizi zilizoiva kupita kiasi, zile ambazo mamaa wa sokoni jioni hawazihesabu tena, uziponde na mabaki ya kasiksi (pombe ya ndizi) kama unayo. Kata chupa ya plastiki sehemu ya juu, panua mdomo wake upitishe mbawakawa, igeuze kichwa chini ndani ya chupa, na uweke ndizi chini. Itundike usawa wa kifua. Watu wengi hukosea mahali pa kuitundika: wanaifunga katikati ya mawaridi, na harufu inaita wageni ambao hawakuwa na safari ya kuja. Itundike pembeni kabisa ya parseli, mbali na maua kadiri nafasi inavyoruhusu, na ubadilishe ndizi kila baada ya siku tatu au nne.

Aina ya pili inataka tahadhari. Ni mrefu kidogo, mlaini zaidi, mweusi mwenye mistari mipana myekundu, ya njano au ya chungwa, na anakula hibiskasi, waridi na maua ya maharage mchana kweupe bila woga. Hana woga kwa sababu ana silaha. Ukimbana, anatoa majimaji yenye sumu ya kantaridini, na baada ya saa kadhaa ngozi inavimba malengelenge. Usimguse kwa mkono mtupu, usimpondeponde, na uwakataze watoto kumchezea. Tumia glovu au koleo la vijiti, umtie kwenye beseni la sabuni. Usiwatupie kuku wala mbuzi. Ikitokea majimaji yamekugusa, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, na usijifute macho.

Tena huyu si adui mtupu. Funza wake hula mayai ya panzi ardhini. Kwa hiyo mimi simfuati mpaka kwenye nyasi za nje ya bustani. Namwondoa kwenye maua tu, basi.

Ukiwa una maua machache ya thamani, ya harusi au ya kuuza, yafunike chipukizi moja moja kwa kitambaa chepesi cha pazia kuukuu, ufunge chini kwa uzi. Ni kazi ya dakika chache na haina sumu. Usikate chandarua ambacho bado mtu anaweza kulalia.

Majani yametobolewa usiku, mchana huoni kitu

Waridi linatobolewa kati ya mishipa ya jani, hibiskasi inabaki mifupa, nawe ukikagua asubuhi hakuna mtu. Toka saa mbili usiku na taa ya simu. Utakuta mbawakawa wa kahawia, wasio na mng'ao, wamening'inia kwenye majani wawili wawili. Hawa hula na kujamiiana usiku, halafu alfajiri wanarudi kujichimbia kwenye udongo laini, mara nyingi chini ya mmea uleule.

Hapa muulize sentineli, mlinzi wa geti, kabla hujaniuliza mimi. Yeye ndiye anayekesha. "Papa, wanaanza kujaa kwenye taa ya geti mvua ikishanyesha," atakuambia, na kama mawaridi yako yako chini ya taa ya geti, utakuwa umeshapata sababu. Taa nyeupe kali inawavuta kutoka parseli za jirani. Wanagonga balbu, wanaanguka, na wanachokikuta chini ni waridi. Badilisha balbu iwe ya njano, geuza taa ielekee barabara, au hamisha maua. Kwa usalama wa siku hizi simwambii mtu azime taa ya geti.

Taa hiyo unaweza kuigeuza kuwa mtego. Weka beseni la maji ya sabuni chini ya taa nyingine, mbali na maua, usiku wa kwanza baada ya mvua kubwa za Septemba, wakati wengi wanatoka ardhini kwa pamoja. Usiku chache zinatosha. Ukiendelea majuma na majuma utaua nondo na wadudu wengine wengi ambao hawakukukosea.

Asubuhi, piga jembe dogo kuzunguka mmea, kina cha vidole vinne, uwaondoe waliojificha. Kuku wakiwa karibu wataimaliza kazi.

Vitundu vidogo vingi kwenye hibiskasi

Kama jani linaonekana limetobolewa kwa sindano na vidudu vidogo vinaruka ukikaribia, ni mbawakawa warukaji wanaopenda familia ya hibiskasi na bamia. Mmea mkubwa unastahimili. Mche mdogo ndio unaoteseka. Hapa majivu ya makala (mkaa) yana kazi. Nyunyiza kidogo asubuhi wakati jani lina umande, kwa kutikisa kitambaa chenye majivu. Mvua ikiyaosha, rudia, lakini usimwage majivu kwenye udongo kila juma, kwa sababu yanapunguza tindikali ya udongo kuliko maua mengine yanavyotaka. Yawe majivu ya makala au kuni tupu, si ya jalala lenye plastiki. Na majivu ya volkano si mbadala: hayo ni jiwe lililosagika.

Kingo za jani zimechanwa mapengo

Mapengo pembeni, si matundu katikati, ni kazi ya fukusi. Huyu ana mdomo uliorefuka mbele, hula usiku, na akishtuka anajiachia chini na kujifanya amekufa. Tandika kitambaa cheupe chini ya mmea usiku, tikisa, kusanya. Kwa maua ya vyungu, toa mmea wote na utazame mizizi. Funza wake wadogo wasio na miguu ndio wanaoua, mapengo ya jani ni tangazo tu.

Ua linanyauka na udongo una maji

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtu anaona jani linalegea mchana, anamwagilia; kesho limelegea zaidi, anaongeza maji. Shika shina uvute taratibu. Likitoka kama halijawahi kushika, mizizi imeliwa. Chimba sentimita kumi hadi kumi na tano utakuta funza weupe, wanene, wamejikunja herufi C, kichwa cha kahawia, miguu sita mbele. Hao ni watoto wa mbawakawa. Wanaishi ardhini miezi mingi kabla ya kuwa mdudu mwenye mbawa. Yule unayemwona juu ya ua ni sehemu fupi ya maisha yake.

Lakini si kila funza mweupe anakula mizizi. Fanya jaribio hili: mweke juu ya ubao au sakafu laini, ungoje. Akijigeuza chali na kutembea kwa mgongo, miguu juu, huyo ni wa kundi la mbawakawa wanono wa maua. Chakula chake ni mbolea inayooza, si mizizi, na kwenye shimo la mboji anakusaidia kusaga. Akibaki ubavu na kujikokota kwa shida, mhesabu kuwa mla mizizi. Jaribio hili halihitaji kitabu wala agronomu, na linakuokoa usilaumu asiyehusika. Ila kumbuka kwamba yule wa kutembea chali akikua ndiye atakayezama kwenye waridi lako. Mwenye mboga peke yake amwache. Mwenye maua achague. Mimi nawapa kuku wote wawili.

Sasa rudi kwenye gunia. Mbolea ya ng'ombe iliyokaa rundo wazi miezi kadhaa ni mahali ambapo mbawakawa jike anapenda kutaga. Unaponunua, fungua gunia mbele ya muuzaji, uchimbe mkono mpaka katikati. Ukikuta funza, si lazima ukatae, lakini usipeleke moja kwa moja kwenye tuta. Imwage juu ya turubai penye jua, itawanye nyembamba, waache kuku waingie siku nzima, kisha uipepete kwa waya. Halafu irundike upya pamoja na majani mabichi na uinyweshe maji kidogo; rundo la kutosha, kama mita moja kila upande, likipata joto mpaka huwezi kushikilia mkono ndani, mayai na funza wadogo hawabaki. Ligeuze ili cha nje kiingie ndani. Baada ya hapo lifunike. Rundo lisilofunikwa litatagwa tena.

Goma ina faida moja ambayo watu hawaitumii. Penye udongo mrefu, kiangazi kikija funza anashuka chini sana, na jembe halimfikii. Kwetu, hasa katikati ya mji ambako lava ya Januari 2002 ilipita mpaka ziwani, tuta la maua ni sanduku la mawe lililojazwa udongo. Anashuka kidogo, anagonga jiwe. Kwa hiyo mwezi wa saba au wa nane, udongo ukiwa mkavu, unaweza kuutoa wote nusu kwa nusu, ukaupepeta na kuurudisha. Ni kazi ya jasho, lakini tuta dogo linakwisha siku moja, na mvua za Septemba zitawakuta wachache wa kutoka.

Kwa mmea ulioliwa: kata matawi kwa theluthi moja, upande tena kwenye udongo uliopepetwa, uweke kivulini kwa muda. Waridi likiwa na mizizi hata michache huweza kurudi. Dalia likiwa na kiazi kizima, usikate tamaa nalo.

Dawa za kupulizia, ukifika huko

Nguvu zaidi katika dawa za mimea tunayo nyumbani. Pareto imelimwa kwenye milima ya baridi ya Kivu tangu enzi za Wabelgiji, na sumu yake iko kwenye vichwa vya maua. Kausha maua yaliyofunguka kabisa kivulini, yasage, tia gramu 20 za unga kwenye lita 10 za maji na sabuni kidogo, chuja, upulizie mara moja. Usiiweke kwa kesho. Pulizia jioni, kwa sababu mbili: jua linaivunja upesi, na nyuki wameshalala. Inaua nyuki kama inavyoua mbawakawa, na inaua samaki. Usioshee chombo chako ziwani wala kwenye mfereji unaoelekea huko. Inapaswa kumgusa mdudu mwenyewe, kwa hiyo kupulizia ua tupu asubuhi ni kupoteza pareto.

Utupa, mmea mwingine wenye sumu, nao ni kali; wakulima wengi wanao pembeni ya shamba. Lakini ndio uleule uliotumika kulewesha samaki mtoni. Kwa mtu wa mitaa ya Himbi au Keshero, ambaye maji ya parseli yake yanateremka kwenda ziwani kwenye sambaza zetu, wale samaki wadogo, mimi simshauri.

Mwarobaini ni mti wa joto na hauko kwao hapa. Mafuta yake huja kutoka mbali. Ukipata ya kweli, mililita 5 kwa lita moja ya maji na matone ya sabuni, jioni, kila juma. Hauui papo hapo. Unamkatisha hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wa funza, kwa hiyo unafaa zaidi kwa warukaji wa hibiskasi kuliko kwa wale wanene.

Pilipili na kitunguu saumu: konzi ya pilipili kali, vichwa viwili vya saumu, ponda, loweka lita moja usiku kucha, chuja vizuri, ongeza lita nne na sabuni kidogo. Inafukuza, haiui, na mvua moja inaifuta. Jaribu kwenye jani moja kwanza, usubiri siku moja, maana petali laini huungua.

Na wale wanaopanda maua ya tageti kuzunguka waridi wakiamini harufu yake itazuia mbawakawa: tageti husaidia dhidi ya minyoo midogo ya mizizi. Mbawakawa nimewakuta wameketi juu ya tageti lenyewe.

Wasioguswa

Koksineli, wale wadogo wekundu wenye madoa meusi, ni mbawakawa wanaokula vidukari. Mtoto wake hafanani naye; ni mweusi, mrefu, mwenye mabaka ya chungwa, kama mamba mdogo asiye na hatari, na watu humuua wakidhani ndiye mharibifu. Waache pia wale weusi wanaokimbia kasi chini ya mawe usiku. Wanawinda mayai na funza.

Umefanya yote, bado wanakuja

Tazama juu ya ukuta. Kama jirani ana rundo la mbolea lisilofunikwa, wewe unaokota mbawakawa wa rundo hilo. Mpelekee nusu ya turubai na umwonyeshe funza mkononi, inashinda maneno. Kama rundo ni lako, unajua la kufanya. Kama hakuna rundo, kagua majani makavu na mashina ya migomba yaliyolundikwa kwenye kona, nayo hutagwa.

Angalia pia mche mpya. Chungu kilichonunuliwa kando ya barabara kinakuja na udongo wake na wakazi wake. Kabla ya kupanda, geuza chungu, toa mche, ukung'ute udongo wa pembeni juu ya gazeti, utazame. Ukikuta hata funza mmoja, suuza mizizi yote na upande kwenye udongo wako uliopepetwa.